Moto Uliompasha Mtoto wa Tulizo

Sogeeni karibu na jiko, ila mlango uacheni wazi. Sababu mtaijua.

Huko Makete, mwezi wa saba, baridi hugandisha hata maji ya kuku. Walikuwapo watu watatu wenye vipawa. Yusta aliweza kuwasha hata mkaa uliolowa. Bibi Sekela, mama yake, alikuwa na kifua kilicholea watoto njiti, waliozaliwa kabla ya siku zao, mpaka wakatembea. Na jirani yao Oraph alikuwa na adabu: haingii kwa mtu pasipo kuitikiwa hodi.

"Bwana Hodi," Yusta humtania, "wewe hata peponi utabaki nje!"

Basi Tulizo, mke wa Benaya kaka yake Yusta, akajifungua njiti. Hita ya umeme ikamtunza. Alasiri moja ya ukungu nguzo ikaanguka, umeme ukakatika. Benaya akatoka mbio kutafuta gari la kuwapeleka hospitali, akasema akiwa mlangoni, "Atakayeniokolea mwanangu ndiye atakayempa jina."

Yusta akasikia. Hakujaliwa kuzaa, na jina alilomwekea mwana aliyemtarajia bado alikuwa nalo moyoni.

Chumbani, kando ya kitanda cha Tulizo, Bibi Sekela akamlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Lakini bibi mwenyewe alitetemeka. "Yusta mwanangu, kifua changu barafu! Nitampasha na nini?"

Yusta akawasha mkaa, akaingiza jiko chumbani. Nesi wa hospitali alikuwa amewakataza kuweka jiko la mkaa alipolala mtoto. Akajisemea, mkaa ukishaiva hauna neno. Akaziba dirisha kwa blanketi, akafunga mlango, akaenda uani kuponda mkaa mwingine. Bibi akapata joto, mtoto akalipata kwa bibi.

Oraph akaleta kuni. Akapiga hodi. Kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu. Adabu ilimtaka arudi kwake. "Lakini nyumba yenye mzazi haikosi wa kuitikia," akawaza, akaupiga mlango teke. Bibi kichwa kimelala begani, Tulizo hajitambui. Hewa ya mkaa! Akawatoa nje wote, mmoja mmoja. Upepo ukawazindua. Mtoto akalia.

Katika purukushani ile Yusta akaja mbio kutoka uani, akalichomoa blanketi dirishani, akalikunja. Hakuna aliyemwona, ila Mungu.

Benaya akarudi, akasikia jinsi mtoto alivyopashwa joto, akamshika Yusta mikono. "Dada, bila moto wako mwanangu angeganda. Haya, mpe jina."

Jina likamfika ulimini, likakwama. Yusta akapiga magoti. "Kaka, dirisha niliziba mimi. Nesi alinikataza, nikasikia kabisa. Nilililia jina, nikawasahau watu."

Bibi akakohoa. "Hata hivyo, bila moto wake kifua changu kisingefaa kitu."

"Na bila kifua chako, bibi," akasema Oraph, "mimi ningetoa maiti ya mtoto."

"Na bila teke lako, Bwana Hodi," akamjibu bibi, "tungezikwa wote."

Benaya hakumchagua yeyote. Jumapili mchungaji atauliza jina, na mpaka leo mtoto anaitwa Mtoto tu.

Je, ninyi mnaoota moto, mngempa nani haki ya kumpa mtoto jina? Yusta bado amepiga magoti. Anza wewe uliyekaa mlangoni, ila usiufunge.