Mtu Aliyezikwa kwa Mgomba

Sogeeni mnisikilize vizuri, maana mwishoni nitahitaji msaada wenu.

Katika kijiji cha Kwesanga, huko milimani, walikuwapo watu watatu. Bibi Nakiete alikuwa na kumbukumbu. Neno alilolisikia utotoni halikumtoka. Kihiyo, mchukuzi wa mboga, alikuwa mtu wa mazoea. Alichokifanya jana ndicho alichokifanya leo. Na Nanzia, mwanamke wa makamo, hakuogopa kusema mbele ya wakubwa.

Siku moja akarudi Mbonea.

Mbonea alikuwa mwalimu wa Kiingereza mikoa ya mbali, mtu mzito wa kuandika barua. Zamani basi lilitumbukia mtoni, nyumbani wakaambiwa alikuwamo. Mwili haukupatikana. Basi wakafanya kama ilivyo mila yao: wakazika mgomba badala yake, wakauita kwa jina lake. Yeye hakupanda basi lile, wala hakujua. Alipostaafu alirudi na begi moja, akakuta kaburi lake nyuma ya nyumba ya marehemu baba yake.

Na aliyezikwa hasemeshwi. Alisalimia, watu wakatazama chini. Alikaa msibani, jamvi likabaki tupu pande zote. Mwishowe akajifungia ndani, akawa anafundisha kuta.

"Custom, hiyo ni mila. Rule ni kanuni. Habit ni mazoea. Yote ni mambo yaliyokwisha kuwekwa, lakini hayafanani."

Kihiyo alikuwa akipita na punda wake. Akasimama dirishani, akamwambia punda, "Muulize mwalimu, lipi kati ya hayo ni rahisi kuliacha?"

 Sauti ikatoka ndani, "Mazoea."

"Punda, hajatujua sisi," Kihiyo akasema.

Tangu hapo kila asubuhi aliweka bakuli la uji kizingitini, akampa punda habari za kijiji kwa sauti kubwa. Asubuhi moja akakuta uji wa jana haujaguswa. Mbonea alikuwa amelala akiungoja mwisho wake. Kihiyo hakuondoka. Aliongea na punda mpaka jua likawa kali, mboga zikamnyaukia, na mkono ukatoka mlangoni kuchukua bakuli.

Bibi Nakiete naye, aliposikia hayo, alikumbuka jambo. Bibi yake aliwahi kumwambia kwamba aliyezikwa kwa mgomba anaweza kufukuliwa, na kuna maneno ya kusema. Hakuna mwingine aliye hai aliyeyajua.

Lakini kanuni ya ukoo ilisema anayefukua ni baba mzazi peke yake. Wazee wakaona shauri limekwisha. Nanzia akasimama kikaoni.

"Baba zangu, mwenye haki ya kufukua naye yuko kaburini. Huyu atamngoja nani?"

"Ukishika jembe, utatengwa kama yeye."

"Basi tutakuwa wawili," akasema, akaenda kulichukua.

Akachimba. Bibi Nakiete akasema maneno. Mgomba ulikuwa umekwisha kuwa udongo. Wakauchota, wakaumwaga kijitoni. Watu wakatazamana, kisha mmoja akamsalimia Mbonea, na mwingine, na mwingine. Nanzia hakutengwa. Mbonea aliitikia salamu moja moja, taratibu, kama mtu anayefungua saumu ndefu.

Sasa sikilizeni. Jina la kale hubaki shimoni. Aliyemrudisha mtu ndiye humpa jina jipya, humchukua nyumbani kwake kama nduguye, na ndiye atakayemzika. Ni mmoja tu.

"Bila uji wangu mngemfukulia nani?" Kihiyo akauliza.

"Bila maneno yangu mngechota udongo mtupu," akasema Bibi Nakiete.

"Na bila jembe langu mngekuwa bado mnaongea na punda," akasema Nanzia.

Wakamgeukia Mbonea mwenyewe achague. Akawatazama wote watatu, hao tu aliokuwa nao duniani. Akageuka, akarudi peke yake nyumbani.

Hajachagua mpaka leo. Watu wanamsalimia, wanamkaribisha, lakini mtu akimwona ng'ambo ya bonde na kutaka kumwita, huinua mkono, akakosa jina la kuita, akaushusha.

Je, wewe ungempa nani kati yao watatu haki ya kumpa jina?