Kwa Nini Hupa Haina Kuta

Miaka ambayo hata bibi wa bibi yako hakuifikia, Wayahudi hawakuoana chini ya kitambaa. Walioana ndani ya nyumba. Bwana harusi alijenga chumba cha mawe, kuta nne, nguzo ya mti kila pembe, paa zito juu. Bibi harusi aliingia humo na mashahidi wawili tu. Waliobaki walikaa nje wakibahatisha. Wewe unayependa kuchungulia harusi za watu ungekufa kwa kihoro.

Katika mji mmoja pembezoni mwa jangwa alikuwako msichana aitwaye Tirza, na mchumba wake alikuwa Elkana, mwashi. Fundi kweli, hilo simnyimi. Lakini mdomo! Alijisifu akila, alijisifu akinywa, na wanasema hata usingizini hakupumzika. Aliapa kwamba chumba chake cha harusi hakitaingiza jicho la jirani, wala upepo, wala pumzi ya mtu. Chokaa aliichanganya na ute wa mayai mpaka ikawa ngumu kama mwamba. Mlango hakuuacha. Desturi ya mji ule ilikuwa bwana harusi ajifungie ndani, kisha atoboe mlango mwenyewe siku ya harusi, ili mguu wa kwanza kuvuka kizingiti uwe wa mkewe. Wenzake wote walitoboa ukuta ukingali mbichi. Yeye alitaka ukauke kwanza. Majirani walimwonya, naye akawajibu kwamba ushauri wao wakawalishe mbuzi, akajifungia ndani.

Siku ikafika. Tirza aliletwa kwa ngoma, shela usoni, akasimamishwa mbele ya ukuta. Ukuta ulikuwa mzima. Akadhani amekosea upande, akaenda wa pili. Mzima. Akazunguka chumba chote hadi alipoanzia, na ngoma zikaanza kusitasita. Mzunguko wa pili watu walicheka, na jirani mmoja, Zimri, akauliza kama bwana harusi anaoa au anajizika. Mzunguko wa tatu hakuna aliyecheka, kwa sababu Tirza alikuwa ameinua shela na kubandika sikio ukutani, na uso wake haukuwa tena wa bibi harusi. Ndani tindo iligonga. Mzunguko wa nne iligonga polepole. Wa tano alisikia kikohozi. Wa sita, kucha zikikwaruza. Wa saba hakusikia kitu.

Yule mtu alikuwa ameziba hata pumzi yake mwenyewe.

"Vunjeni," akasema.

Hakuna aliyesogea. Mzee Hamuli, aliyekuja kufungisha ndoa, alimweleza kwa upole kwamba kuvunja nyumba ya harusi ni nuksi. Nyumba ikianguka, na ndoa imeanguka. Tirza alimtazama kama mtu aliyekutana na jini sokoni mchana kweupe.

"Babu, mimi nimekuja kuolewa na mtu. Sikuja kuolewa na ukuta."

Akaokota jiwe, na mapambo yake yote mwilini, akaanza kupiga. Zimri ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona aibu. Akakimbilia sururu, na wengine wakamfuata. Walipomvuta Elkana kwa miguu, mweupe kwa chokaa kuanzia nywele hadi kope, mama yake alikwisha kuanza kilio cha msiba. Elkana akapiga chafya. Kabla watu hawajashukuru, kuta zote zikaporomoka pamoja na paa, na vumbi likafunika mji. Lilipotulia, zilibaki nguzo nne tu, zikiyumba kama walevi.

Mzee Hamuli akatikisa kichwa: bila nyumba ya bwana harusi hakuna harusi, warudi mwakani. Tirza akamwendea baba yake, akamvua mabegani shali ya sala, nyeupe, yenye vishada, akaitandaza juu ya nguzo nne na kuifunga.

"Nyumba yake hiyo."

"Na kuta?" akauliza mzee.

"Kuta tumekwisha kuziona kazi yake."

Nguzo zikaanza kulala, maana hapakuwa tena na ukuta wa kuzishika. Zimri akashika moja. Majirani wengine watatu wakashika zilizobaki, walewale wa kulisha mbuzi. Elkana akaingia chini ya kitambaa, akawatazama mmoja mmoja, akaomba radhi kwa kasauti ambako mji ule haujawahi kukasikia kakitoka kwake.

"Paza sauti, fundi," Zimri akamwambia. "Leo hakuna ukuta."

Tangu siku ile, hupa, ile nyumba ya kitambaa ya harusi ya Kiyahudi, haina ukuta wala mlango. Upepo unapita, mpita njia anaona, na ukikuta miti yake minne imeshikwa na watu, usiulize kwa nini hawakuichimbia chini: nyumba mpya husimama kwa mikono ya majirani. Na bibi harusi akifika, kwanza humzunguka bwana harusi mara saba. Wataalamu watakupa sababu nyingi za heshima. Mimi nakwambia anahakikisha kama bado anapumua.