Vikapu vya Pimbi Juu ya Jabali

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani zile ambazo bakuli la jirani halikujua kurudi kwao peke yake, wanyama walijenga, walipika na walilima kama tunavyofanya sisi. Jioni ilipoingia ungeona vyombo vinapishana njiani, huyu anapeleka kisamvu, yule anarudisha ndizi. Na ilikuwa desturi, tena desturi nzito, kwamba chombo cha mwenzio hakirudi kitupu. Hata kama huna kitu, utatia chumvi kidogo au ndimu moja. Siku hizi watu wanarudisha bakuli tupu, tena hawajaliosha. Lakini tuyaache hayo, nisije nikaiharibu hadithi kwa hasira zangu.

Basi palikuwa na mama mmoja, jina lake Pimbi. Mnamjua, yule mnyama mdogo mnene asiye na mkia, anayeota jua juu ya mawe. Zamani hakukaa kwenye mawe. Alikaa bondeni chini ya mlima, kwenye kishamba alichoachiwa na mama yake. Udongo wa pale ulikuwa mweusi, laini, ukiufinya unashikamana mkononi. Mama yake alipanda mnavu na mchicha, na kunde alikuwa akiziacha zitambae mpaka kizingitini, hata mtoto akiambiwa kachume mboga alichuma huku amekaa mlangoni. Jamani, maisha yalikuwa matamu.

Kwenye bonde hilohilo walikaa Kiboko na Nyati. Mashamba walikuwa nayo, tena makubwa, lakini tumbo la mkubwa halisemi basi. Mwaka mmoja wakakaa, wakagawana bonde lote, huyu akachukua upande wa mto, yule akachukua upande wa mlima, na kishamba cha Pimbi kikawa cha Nyati. Pimbi mwenyewe hakuambiwa neno. Nyati alikuja asubuhi moja akalala juu ya mchicha, na kesi ikaishia hapo.

Pimbi alikuwa mjane, na Nyati hasukumwi. Akafunga mbegu za mama yake kwenye pindo la kanga, akawabebesha wanawe vyombo vya nyumbani, vikapu na vibuyu, vyungu vyenye ufa, hata kinu kilichotoboka kitako. Wakapanda jabalini, kwa kuwa huko juu hapakuwa na mtu anayepataka.

Jabali lilikuwa jiwe tupu. Palikuwa na mtini mmoja tu uliojipenyeza kwenye ufa ukatanda matawi, na tini zake ndizo walizokula. Walikula tini asubuhi, wakala tini jioni, mpaka watoto wakaanza kukonda mbavu zikahesabika, maana tini peke yake hazikuzi mtoto. Na msimu wake ulikuwa unakwisha. Mbegu Pimbi alikuwa nazo. Vyombo alikuwa navyo. Mvua za vuli zilikuwa njiani. Kilichokosekana ni udongo, hata wa kujaza kiganja haukuwepo.

Mwanawe mkubwa akamshauri ashuke akaombe udongo kwa Nyati. Pimbi akakataa.

"Ukimwonyesha mchoyo unachokitaka, umemwonyesha cha kukificha," akasema. "Nipe kile kikapu kidogo."

Akachuma tini, tena zile zilizoiva vizuri, akakijaza kikapu mpaka juu. Watoto wakamtazama kwa macho ya njaa. Yule mdogo kabisa akasema waziwazi kwamba mama anawapelekea chakula watu walioshiba. Neno hilo lilimchoma Pimbi, kwa sababu lilikuwa kweli, lakini akakiweka kikapu kichwani akashuka nacho.

Kwa Nyati akamkuta Ngiri, mtumishi wa nyumba. Ngiri alikuwa na roho nzuri, ila mdomo wake haukuwa na komeo, na Pimbi alilijua hilo tangu utotoni. Akampa kikapu amfikishie bwana wake, kisha akaketi barazani kama mtu aliyechoka na dunia, akashusha sauti.

"Kaka Ngiri, kikapu hicho kitarudi, desturi naijua. Bwana wako akinitilia jani moja nitashukuru. Akinitilia ganda la ndizi nitashukuru. Ila nakuomba, kwa heshima ya marehemu mama yangu, asinitilie udongo."

Ngiri akashangaa. "Nani atatia udongo kwenye kikapu cha jirani?"

"Ndiyo maana nakwambia wewe tu. Kwetu sisi akina pimbi, kurudishiwa chombo kina udongo ni kuambiwa kajizike. Aliyefanyiwa hivyo hainui uso tena. Iwe siri yetu, kaka yangu."

Ngiri akaapa kwa meno yake yote yaliyopinda. Pimbi hajamaliza kuvuka ua, Nyati alikwisha kujua. Hajafika chini ya jabali, Kiboko naye kule mtoni alikwisha kujua.

Sasa Nyati, wanangu, alikuwa amekaa na kikapu kile mbele yake kinamtia homa. Tini alikwisha kuzila zote. Kukirudisha kitupu aliogopa kusemwa, na kutia hata jani la mchicha kulimuuma kama anakatwa sikio. Aliposikia habari ya Ngiri akacheka, pembe zikagonga mwimo wa mlango, ko! ko! Akaona mambo yamenyooka, desturi itatimia na ghala halitapungua kitu. Akamwamuru Ngiri akakijaze kikapu udongo, tena akauchimbe palepale kwenye kile kishamba cha zamani, ili uchungu uzidi.

Kesho yake Ngiri akakifikisha kikapu chini ya jabali, akakiweka, akakimbia kwa aibu. Pimbi akashuka, akafunua, akaangua kilio.

"Weee! Weee! Weee!"

Sauti ya pimbi mnaijua, mwili kiganja, kilio cha nyumba nzima. Kilisikika bonde zima. Nyati alikisikia akiwa shambani, akatabasamu peke yake.

Lakini nitawaambia kitu ambacho Nyati hakukijua, na Pimbi mwenyewe hakukitarajia. Alianza kulia kwa hila. Kisha akatia mkono kikapuni, akaufinya ule udongo, ukashikamana. Akaunusa. Ulikuwa udongo wa mama yake, unanukia umande na majani ya kunde. Akakumbuka mlango ule, na sauti ya mama yake akiita watu waje kula. Hapo machozi yakawa ya kweli, akalia mpaka akakaa chini. Akapanda jabali amekipakata kile kikapu kama mtoto mchanga.

Jioni watoto walipouliza, akawaeleza hila yote. Yule mdogo aliyekuwa akinung'unika akazichambua tini zake mwenyewe, akatoa zilizo nzuri zikatiwe kwenye kikapu cha kesho.

Kikapu hicho kikaenda kwa Kiboko. Kiboko hakupenda kushindwa na Nyati kwa jambo lolote, hata kwa ufidhuli, akakirudisha kimejaa matope ya mtoni. Pimbi akalia. Nyati aliposikia kwamba mwenzake naye amefanya, akaona udongo mtupu hautoshi tena. Safari iliyofuata akachanganya na samadi ya zizini kwake, mbivu kabisa. Pimbi akalia mara mbili ya kwanza, maana samadi hakuwa amethubutu kuiomba hata kwa Mungu.

Ikawa ndio mchezo. Tini zinashuka, matusi yanapanda. Watoto nao wakapenda, wakawa wanagombania zamu ya kulia, na yule mdogo alikuwa na kipaji kikubwa, akianza yeye hata ndege wanahama mti. Ila usiku walilala na njaa, hilo nisiwafiche. Siku ya mwisho mtini ulipobaki majani matupu, Pimbi aligawa tini moja moja, akasema sasa tumwachie Mungu na mvua.

Akaanza kazi. Chini ya kila chombo alitandika vijiwe, maji yapite mizizi isioze. Juu yake akatia udongo wa Nyati na matope ya Kiboko, akakoroga na samadi. Hakuviweka vyombo chini, kwa kuwa jiwe la mchana lingeikaanga mizizi. Alivifunga kamba akavining'iniza kwenye matawi ya mtini, kila kimoja kwa kimo chake, vyenye kupenda jua nje, vyenye kupenda kivuli ndani. Kinu kilichotoboka akakipandia pilipili, na kile kitobo kikawa ndiyo dawa ya maji yasituame. Vyungu vyenye ufa akavipa nyanya. Mvua zikaja, ndo, ndo, ndo, zikaanza polepole kisha zikamwaga.

Mchicha ndio uliotangulia, kama kawaida yake. Halafu mnavu. Watoto wakala mboga ya kwanza na mchuzi ukawachuruzika kidevuni. Pimbi alitia kijiko kimoja mdomoni, akasimama kidogo, akageuka upande mwingine ili wasimwone. Ilikuwa ladha ileile. Majani ya maboga yakamwagika kutoka vikapuni, na kunde zikashuka, zikashuka, mpaka zikachungulia ukingo wa jabali.

Hapo ndipo Kiboko alipoinua kichwa kutoka majini akaona kijani mahali ambapo hapajawahi kuwa na kijani. Akamwita Nyati. Wakaja mpaka chini ya jabali wakatazama juu vinywa wazi. Hawakuchelewa kuelewa. Na kupanda hawakuweza, kwani jabali lile lilimtaka mwenye nyayo za kunata, wao walikuwa na uzito tu.

"Udongo ule ni wetu," akanguruma Nyati.

Kwa hasira Kiboko akafanya kosa kubwa kuliko yote. Akapiga mbiu, akawakusanya wanyama wa bonde zima waje waamue. Wakaja, wakubwa kwa wadogo, wakakaa chini ya jabali. Pimbi akaja ukingoni na wanawe, akiwa na hofu, maana wakiamuliwa kuurudisha udongo, watoto wake hawana msimu mwingine wa kuungoja.

Kiboko akadai kwamba kila konzi ya udongo iliyoko juu imetoka kwao, na irudi. Mama Pundamilia, ambaye alikuwa mtu wa kuuliza, akauliza.

"Sawa, baba. Udongo ulifikaje huko juu? Pimbi aliiba?"

Kiboko akatazama upande, akamwona Ngiri amekaa kwenye mkutano, na mdomo umeanza kumwasha. Kusema kwamba Pimbi aliiba hakukuwezekana. "Hapana," akasema. "Hakuiba."

"Basi mlimpa?"

Wakisema walimpa, cha kupewa hakidaiwi. Na wakieleza walivyompa, watasema mbele ya watu wazima na watoto kwamba mjane aliwatumia kikapu cha tini, nao wakakirudisha na udongo na samadi ya zizini. Hakuna ambaye angewasalimu tena. Ngiri akafungua mdomo. Nyati akamkanyaga kwato.

Kila mtu akageuka kumtazama Pimbi. Neno lilikuwa mdomoni mwake. Angelitoa angewavua nguo hadharani, na mwanawe mdogo alimvuta kanga akimtaka aseme. Pimbi akawatazama wale wakubwa wawili, akangoja waseme wenyewe.

"Upepo," akasema Kiboko mwishowe.

"Upepo mkali sana," akadakia Nyati.

Mama Pundamilia akatafakari. "Na samadi je?"

"Nayo," akasema Nyati kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

Wanyama wakatazamana. Wengine walianza kukohoa, lakini hakikuwa kikohozi. Mkutano ukaamua kwamba kilicholetwa na upepo ni cha aliyekiotesha, wakainuka waende.

"Ngojeni," Pimbi akaita. Akateremsha kwa kamba vikapu viwili vimejaa mchicha, mnavu na nyanya nyekundu, kimoja mbele ya Kiboko na kingine mbele ya Nyati, bonde zima likiona. "Majirani zangu, tangu nihamie hamjaonja mboga zangu. Karibuni. Vikapu nitavingoja."

Watu wote wakabaki kuvitazama vile vikapu, kisha wakawatazama wenye kuvipokea.

Kesho yake asubuhi Nyati alikuja mwenyewe, kikapu kichwani, kimejaa mahindi mabichi. Kiboko alileta viazi, tena alikiosha kikapu. Bonde hawakumrudishia Pimbi, siwadanganyi, na jioni nyingine alikaa ukingoni akilitazama mpaka giza linapoingia, na hamu ya kwao haikumwisha. Lakini vyombo vilianza tena kupishana kati ya jabali na bonde, na watoto wakanenepa wakawa kama mnavyowaona leo.

Basi anayeitaka hadithi hii aichukue, wanangu, ila asinirudishie mikono mitupu. Na funzo lake ni hili: kabla hujamtupia mwenzio dharau, hakikisha hana mbegu.