Watoto wa Kuazima wa Mwenyekiti Kadeghe

"Mtoto wa kuazima hulilia kwao," alisema Bibi Nanzia, akimrudishia mjukuu wake Yonaza insha aliyoinakili kwa mwenzake, pamoja na ile sentensi ya "baba yangu ni dereva wa lori". Baba yake Yonaza hata baiskeli humwangusha. Vijana waliokuwa uani walicheka, kisha wakauliza: mtoto anaazimwaje? Bibi akavuta kigoda. Methali hii, akasema, chanzo chake ni hapahapa Kirumo, na aliyeisababisha hakukusudia kabisa.

Kulikuwa na shirika lisilo la kiserikali lililokuwa likifungua madarasa ya watoto wadogo, wale ambao umri wa shule bado: wacheze, waimbe, wanywe uji, wapimwe uzito. Lilianzia bondeni, sasa lilikuwa linapanda milimani. Akina mama wa Kirumo wakamwomba mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Kadeghe, awape ghala la zamani la kahawa, ambalo yeye alikuwa amelijaza majani ya mbuzi wake.

"Shule ya kucheza?" akawauliza. "Mbona mbuzi wangu wanacheza, na hakuna aliyewafundisha?"

Akina mama wakaondoka kimya. Mwanamke wa Kirumo akiondoka kimya, mwenye akili humfuata akaomba radhi. Kadeghe alikwenda kunywa chai.

Haukupita muda, binti yake akapata kibarua kwenye mashamba ya mkonge, akamwachia baba yake mtoto wa miaka mitatu, Mbonea. Mbonea aliwanywesha mbuzi chai ya babu. Alilifukia koti la babu kwenye tuta la viazi ili yaote makoti mengine. Kadeghe, ambaye alizoea kuamua ugomvi wa mipaka kati ya watu wenye mapanga, akawa anajificha chooni apate kupumua. Humo chooni ndimo alimoelewa, bila semina, faida ya lile darasa.

Habari zikaja kwamba Dada Tumsifu wa shirika angepita Jumanne. Kitongoji chenye watoto kingepewa mwalimu, kisicho nao kingerukwa. Kadeghe mbio kwa akina mama.

"Jumanne ni siku ya soko, Mwenyekiti," wakamjibu. "Waite mbuzi."

Siku ilipofika wakawabeba watoto wao mgongoni, wakashuka sokoni.

Sasa, Kirumo mgeni hapokelewi bila kuazima. Harusi, unaazima masufuria; msiba, unaazima mabenchi. Kadeghe akavuka kijito hadi Ng'ambo, kwa shemeji yake Senzighe, ambaye ua wake ulijaa wajukuu kama vifaranga.

"Niazime hao," akasema. "Nitawarudisha kabla ya ugali wa mchana."

"Wakirudi na mkwaruzo, shemeji, utalipa mbuzi," Senzighe akamwambia.

Dada Tumsifu alikuta majani yamesukumwa pembeni na watoto wametulia tuli. Akafurahi. Akachuchumaa mbele ya kisichana kimoja.

"Unaitwa nani, mama?"

"Nakunda."

"Kwenu wapi?"

Nakunda akanyoosha kidole dirishani. "Kule, kwenye bati jekundu."

"Huyu anaona mbali," Kadeghe akadakia. "Atakuwa rubani."

Lakini Nakunda alikwisha kuliona bati la kwao. Mdomo ukapinda, akaangua kilio. Wa pili akalia kwa sababu Nakunda analia, wa tatu hakuuliza sababu. Ghala zima likawa linamwita Babu Senzighe. Kadeghe akaimba, akacheza, akalia kama beberu. Mbonea peke yake ndiye hakulia; alitafuna majani ya mbuzi, akimtazama babu yake kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa.

"Mzee," Dada Tumsifu akauliza polepole, "wa Kirumo ni yupi hapa?"

"Huyo anayetafuna majani."

"Na wengine?"

"Nimeazima, mpaka mchana."

Dada Tumsifu alijiuma mdomo, kicheko kikamtoka hata hivyo. "Mzee wangu, siwezi kuleta mwalimu afundishe watu wanaorudishwa mchana. Nitapita tena Ijumaa. Nisipowakuta wa hapa, mwalimu anakwenda kwingine."

Kadeghe akawavusha watoto kijito pamoja na machozi yao. Senzighe alikuwa kijitoni, amevisikia vilio tangu mwanzo, ameshika mbavu.

"Shemeji, ulidhani ni sufuria?" akamwambia. "Sufuria la kuazima hunyamaza. Mtoto wa kuazima hulilia kwao."

Kadeghe akamkabidhi watoto. Akashuka sokoni, akasimama mbele ya mafungu ya maharage, akawaomba radhi akina mama huku wanunuzi wakisikia. Mama Eliaichi, msemaji wao, aliendelea kupima maharage mpaka mzee alipomaliza.

"Majani utayatoa mwenyewe," akasema. "Na shirika linataka wenyeji washike zamu ya kumsaidia mwalimu. Zamu ya kwanza ni yako."

Ijumaa ghala lilifurika watoto wa Kirumo, na mwalimu akaja. Kadeghe, aliyekuwa akimkimbia mtoto mmoja, akakabidhiwa darasa zima.

Basi ukimwona mtu anatamba kwa kisicho chake, usigombane naye. Subiri kidogo tu, kitasema chenyewe kilikotoka: mtoto wa kuazima hulilia kwao.