Mshona Makuti na Amri ya Vigae

Hapo zamani, katika zama ambazo mtu alihitaji muhuri mmoja tu ili aonewe, palikuwa na mji uitwao Chumvini, na mji huo ukitawaliwa na Sultani Wahidi bin Badi, mtu mwema, ila mwepesi wa kuamini neno la mwisho aliloambiwa.

Basi ikawa siku moja akaja mgeni kutoka ng'ambo, akapandishwa katika roshani ya kasri autazame mji. Mgeni akatazama, akanywa sharubati yake polepole, kisha akasema, "Mashallah, Maulana. Mabanda ya kuku nimeyaona. Watu wenu wanakaa upande gani?"

Sultani hakula siku tatu. Siku ya nne akaja Waziri wake, Salumini, kumfariji. Waziri huyu alikuwa na moyo wa huruma, tena alikuwa na shemeji mwenye tanuri la kuchomea vigae, na mambo hayo mawili yalikuwa hayaachani.

"Maulana," akasema, "kinachotuaibisha ni makuti. Mji ukiezekwa vigae, mgeni akija tena ataona wekundu mtupu, kama bustani."

Ikatungwa amri, na Karani Mwidani, ambaye alikuwa akipamba maandishi kama watu wapambavyo bibi harusi, akaisoma sokoni kwa sauti nzuri: "Siku ya arobaini tangu leo, wakati wa adhuhuri, Maulana ataketi katika roshani yake. Paa lolote la makuti litakaloonekana kutoka roshani hiyo kwa wakati huo, nyumba iliyo chini yake itatwaliwa. Na atakayepona siku hiyo amepona, hataulizwa tena milele."

Watu wakauliza bei. Wakaambiwa kigae kimoja nusu riale. Kabla ya amri, nusu riale ilikuwa ikinunua vigae kumi na maneno mazuri juu yake. Lakini bei mpya ilipangwa kwa uadilifu na baraza la watu watatu: Waziri, shemeji yake, na mke wa shemeji, ambaye ni dada yake Waziri, ili pasiwe na upendeleo. Juu ya bei pakawekwa ada ya kuhesabiwa vigae, na ada ya kuhakikisha kwamba vimehesabiwa. Vilivyovunjika njiani vilikuwa mali ya mnunuzi.

Waziri akaanza na kasri lenyewe, akaliezeka vigae pamoja na roshani, kwa bei ya heshima, yaani mara mbili. Ikawa tangu siku ile Sultani hapati usingizi wa mchana. Kila akijinyoosha, joto linamwoka kama mkate uliotiwa tanurini, na watumishi watatu wakampepea mpaka wakaanguka wao. Alipolalamika, Waziri akamwambia kwamba hilo ndilo joto la ustaarabu.

Basi katika mji huo alikuwako fukara mmoja, jina lake Mshamu bin Kidege, mshona makuti. Mali yake ilikuwa sindano moja ya mti, kamba za usumba wa nazi, na ulimi. Nyumba aliyokaa ilikuwa ya mkewe, Mwanakheri, aliyeachiwa na baba yake.

Jirani yao Zume, mshona kofia, aliuza punda, akauza na kitanda, akapata vigae vya nusu paa. Boriti zake za mikoko zikapinda, na ukuta wa udongo ukafanya ufa unaopitisha mkono. Naye alikuwa akilala chini, akivitazama vigae vyake kwa fahari.

"Mshamu, nawe uza kitu," akasema Zume.

"Niuze nini? Nina mke na sindano, na sindano naihitaji."

"Nimesikia!" Mwanakheri akaita kutoka uani. Akatoka na mwiko mkononi. "Sikiliza, mume wangu. Nyumba hii baba aliikandika kwa mikono yake, nami nimezaliwa chumba kile pale. Siku watakapoitwaa, mimi sitoki. Watanitoa pamoja na ukuta. Sasa wewe kaa ufanye mzaha."

Mshamu akaondoka bila mzaha, akaenda kwa Karani Mwidani. Akaomba asomewe ile amri tena, neno kwa neno. Karani akafurahi mno, maana hakuna aliyewahi kumwomba hivyo, akamsomea mara tatu. Kisha Mshamu akaenda akasimama chini ya kasri, akahesabu nguzo za roshani, akarudi nyumbani akaanza kushona makuti.

Akashona siku thelathini. Mwanakheri alipoambiwa siri, aliweka mwiko chini akasokota kamba. Watu wakasema maskini, akili imemtoka, anashona kitu kilichokatazwa. Waziri mwenyewe akapita, akacheka akiwa amepanda nyumbu wake.

"Ewe Mshamu, makuti hayo ya nini?"

"Naishonea kazi yangu sanda, Bwana Waziri. Imekufa, na sharti izikwe vizuri."

"Shona, shona," akasema Waziri, akaenda zake akiwa na furaha.

Na ilikuwako desturi katika Chumvini, ya tangu mababu wa Sultani: mtu yeyote siku ya baraza aweza kuleta hidaya ya kazi ya mikono yake, nayo sharti itumiwe na Sultani hapo hapo, mbele ya aliyeileta, wala isiondolewe mpaka jua litue. Kwa ajili hiyo Sultani aliwahi kushinda kutwa na kofia tisa kichwani.

Ikafika siku ya arobaini, nayo ilikuwa siku ya baraza. Sultani akaketi katika roshani, jasho likimtiririka mpaka kwenye ndevu. Chini wakakusanyika watu, wengine wamekwisha kufunga vyombo vyao. Kabla ya adhuhuri akapanda Mshamu, na nyuma yake Zume na wanaume sita, wamebeba mzigo mrefu.

"Hidaya, Maulana," akasema, akapiga magoti. "Pazia la makuti, la kuzuia jua. Ni kazi ya mikono yangu, na ya mke wangu, ingawa atasema ni yake yote."

Sultani akalitazama jua, akalitazama pazia. "Litundikeni!"

"Maulana!" Waziri akaruka. "Makuti? Katika kasri?"

"Desturi, Bwana Waziri," akasema Karani Mwidani, naye tayari ameshalowanisha kalamu.

Likatundikwa pande zote tatu za roshani, kuti juu ya kuti, limebanana hata jicho halipenyi. Ikawa kivuli. Upepo wa bahari ukachujika ukaingia taratibu, ukiwa na harufu ya minazi. Sultani akasema, "Ah." Akaegemea mto. Akasema tena, "Ah," na ya tatu hakuimaliza, akakoroma.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Waziri akakimbia huku na huku akitafuta tundu la kuchungulia, asilione. "Tushukeni chini tuyatazame mapaa!" akanong'ona kwa ukali.

"Amri inasema kutoka roshani," Karani akajibu. "Nimeiandika mwenyewe. Herufi zake ni nzuri sana."

Sultani akaamka alasiri, uso umemng'aa kama aliyerudishiwa ujana. "Vipi mji wangu?"

Karani akasoma: "Adhuhuri imepita. Mapaa ya makuti yaliyoonekana kutoka roshani: hapana. Mapaa ya vigae yaliyoonekana: hapana vilevile. Waliopona: mji mzima, milele."

Sultani akalitazama pazia, akamtazama Mshamu, aliyekuwa akiyakagua mafundo yake kama hahusiki. Kisha akacheka mpaka kilemba kikamwangukia mapajani.

"Salumini," akasema, alipopata pumzi, "watu walionunua vigae vyako, utavinunua tena kwao, na vilivyovunjika pia."

"Kwa... kwa bei gani, Maulana?"

"Ile iliyopangwa na baraza lenu la uadilifu. Sithubutu kuigusa. Ada zote mbili nazo utazirudisha." Kisha akamgeukia fukara. "Nawe Mshamu, nataka kasri lote liezekwe makuti. Nitakulipa nini?"

"Makuti ishirini kwa nusu riale, Maulana, kama siku zote. Lakini hii ni kazi ya serikali, kwa hiyo ipo ada ya kupanda ngazi."

"Na ya kushuka?"

"Ya kushuka ni bure. Ila Bwana Waziri ndiye atakayeishika ngazi, mpaka nimalize."

Ikawa hivyo, muda wa miezi miwili, juani. Zume alirudishiwa fedha, akanunua kitanda kabla ya punda. Na kila jioni Mwanakheri alipita chini ya kasri na chakula cha mumewe, akamwambia Waziri kwa adabu, "Shikilia vizuri, baba, huyo ndiye mume niliye naye."

Hekaya imekwisha kuezekwa. Anayeona inavuja na apande mwenyewe.