Tutakubeba, Mama

Leo nisikilizeni vizuri, ndugu zangu. Habari hii mimi mwenyewe nilipoitafakari jana asubuhi, chai yangu ilipoa mezani.

Kulikuwa na mama mmoja, fundi wa kushona. Miguu yake ilipooza tangu utotoni, akawa anatembelea kiti cha magurudumu. Mikono yake ilikuwa hodari; sare za shule za mtaa mzima zilipita kwenye cherehani yake. Kwa miaka minane alipanga chumba ambacho mlango wake ulikuwa sawa na ardhi. Akitaka kutoka, anatoka. Akitaka kuingia, anaingia. Kisha nyumba ile ikauzwa, na mwenye nyumba mpya akawaambia wapangaji wote: nawapa mwezi mmoja, nabomoa.

Basi akaanza kutafuta, yeye na dalali. Nyumba ya kwanza, ngazi. Ya pili, mlango mwembamba, kiti hakipiti. Ya tatu kila kitu sawa, lakini choo kina kizingiti kinachofika magotini. Ya nne mwenye nyumba alimtazama tu, akasema chumba kimeshapata mtu. Dalali akampigia baada ya muda mfupi kwa simu nyingine, akajibiwa, "Kipo, njoo ukione." Mnanielewa? Kipo, ila si kwa yule.

Zikiwa zimebaki siku mbili, akafika kwa mzee mmoja wa kanisa. Mtu mwema, nawaambia kweli, mtu wa sala. Alikuwa na chumba ghorofani, ngazi kumi na moja.

Yule mama akauliza, "Na hiki cha chini?"

"Hicho ni stoo, mama. Kina saruji, na viti tunavyokodisha kwa harusi. Lakini ngazi zisikutie hofu. Humu ndani tupo watu kumi na wanne. Tutakubeba."

"Mzee wangu, mimi siombi kubebwa. Naomba mlango."

Yule mzee akacheka kwa upole. "Kubebana ndiyo upendo, mama."

Angefanya nini? Siku mbili zikaisha, akahamia.

Wiki ya kwanza alibebwa kwa nyimbo. Vijana walishindana. Asubuhi anateremshwa barazani kushona, jioni anapandishwa. Hata jirani wa ng'ambo ya barabara alikuja kutazama, akasema, "Hawa ndio Wakristo." Wiki ya tatu wakabaki wabebaji wawili. Mwezi wa pili ikawa akiita, mtu anajibu, "Nakuja," na haji.

Ikafika Ijumaa moja. Mzee na familia yake wakasafiri kwenda kwenye semina ya injili. Waliobaki, kila mmoja akajua mwenzake atamteremsha yule mama. Ijumaa ikapita. Jumamosi ikapita. Watu walipita chini ya dirisha lake na kumwamkia, "Umeamkaje, mama?" Naye akajibu, "Salama." Jumapili watu wa nyumba ile walikwenda ibadani wakaimba, na hakuna aliyeuliza mbona kiti chake hakipo mahali pake.

Jumatatu alikuja mteja kuchukua sare ya mwanawe. Alimkuta yule mama kwenye ngazi ya nne kutoka juu, amelala ubavu, viwiko vimechubuka, midomo imepasuka. Ndoo yake ya maji ilikuwa imekauka tangu Jumamosi. Alikuwa akijiburuta kwenda chini.

Hospitalini daktari alimpima, akamgeukia mzee aliyekuwa amerudi mbio kutoka safarini. "Huyu mama anaishi peke yake?"

"Hapana, daktari. Anaishi na sisi."

"Nyie wangapi?"

"Kumi na wanne."

Daktari akaacha kuandika. Akatoka nje, akarudi baadaye kidogo.

Yule mzee akapiga magoti kando ya kitanda, machozi yanamtoka. "Mama, kwa nini hukuita?"

Sikilizeni alivyojibu. "Niliita, mzee wangu. Miezi ile ya kwanza niliita. Siku moja nikasikia mtu chini akisema, 'Ameanza tena.' Tangu siku ile nikawa sinywi maji baada ya saa sita mchana, nisije nikahitaji choo jioni nikawasumbua. Mlikuwa mnanisifu kwamba sina shida."

Mzee alirudi nyumbani hakula. Akavua koti, akafungua stoo, akaanza kuhamisha mifuko ya saruji, yeye peke yake, na umri wake ule. Akavitoa viti. Akafagia. Akachukua nyundo akavunja kizingiti cha mlango wa stoo. Unajua ilimchukua muda gani? Saa mbili. Ndugu zangu, saa mbili za kazi! Siku mbili kabla ya mwezi kwisha, saa hizo mbili zilikuwepo. Zilikuwa zake. Hakuzitoa, kwa sababu alikuwa na upendo wa kutosha wa kubeba.

Sisi ni watu wa namna gani? Tunapenda kubeba, kwa kuwa anayebeba huonekana na kuimbiwa. Anayevunja kizingiti haimbiwi na mtu. Tunampa mwenzetu huruma yetu, tunamnyima ufunguo wake, halafu tunamshangaa hana shukrani. Na huruma yetu, tuseme ukweli, huwa inachoka siku ya Ijumaa.

Leo sitamwita mtu mbele. Wengi wenu hapa mna vyumba vya kupangisha, na mimi nawajua. Ukifika nyumbani, kabla hujavua nguo za ibada, tafuta futi ya kupimia. Pima mlango wa chumba, pima mlango wa choo. Kiti cha magurudumu kinahitaji kama sentimita themanini hivi. Usipozipata, usiniletee mimi sadaka wiki ijayo, mtafute fundi.