Honi Iliyowarudisha Watu Nyumbani

Wapendwa, kulikuwa na stesheni moja ndogo, ya tangu enzi za Mjerumani, yenye paa la vigae na benchi moja la mbao. Vijiji vitatu viliitegemea. Treni ilipita Jumanne tu. Ukiikosa, ungoje wiki nzima.

Jumanne moja asubuhi, mama mmoja alikuwa akishuka mlimani na mtoto mgongoni. Mtoto anachemka homa, hata macho hafungui. Zahanati walikuwa wamemwambia, "Mpeleke hospitali ya wilaya, leo leo." Imebaki robo saa kufika, akasikia honi.

Sasa watu wa vijiji vile, honi ikilia, kwao safari imekwisha. Mbele yake walikuwa watu sita na mizigo yao. Wote wakageuka.

"Rudi, mama. Imeshaondoka hiyo," mzee mmoja akamwambia.

"Nirudi naye wapi, baba?" akajibu, akampita.

Ningekuwa mimi ningegeuka, sitawadanganya, miguu yangu mnaijua. Yeye akakimbia huku analia, kanga inamponyoka. Akakata kona ya mwisho, na treni hiyo hapo, imesimama! Jamani! Alikaa chini palepale kwenye kokoto, akacheka na machozi yanamtoka.

Stesheni masta akamwinua. "Ingia, mama, taratibu."

"Si mlishapiga honi?"

"Honi ni ya dereva, anaomba ruhusa. Haondoki mpaka nipeperushe hii." Akamwonyesha bendera ya kijani, bado imekunjwa kwapani. "Nikiona watu mlimani, siipeperushi."

Mtoto alifika hospitali, akapona. Semeni amina!

Lakini ngojeni, msishangilie bado. Kabla ya kupeperusha bendera, stesheni masta alitazama tena mlimani, akauliza, "Na wale sita niliokuwa nawangoja, wameenda wapi?"

Sisi je? Wangapi humu ndani tumegeuzwa na sauti tuliyoisikia kwa mbali? Unasema, "Nimelewa sana maishani, nimewakosea wanangu, umri umekwenda, Mungu alishanipita." Nani kakuambia? Yeye umemwuliza? Mungu anakuona ukiwa bado huko mlimani, na ameizuia treni nzima kwa ajili yako. Wewe ndugu yangu unayekaa pale karibu na mlango kila Jumapili, tayari kuondoka, nakuambia wewe hasa: njoo mbele, hujachelewa.